Kipimo cha damu hakitoshi kukanusha jongo
Ndugu, umeuliza kama mzee wako hana jongo, yaani ugonjwa wa viungo unaoletwa na fuwele (chembe ngumu) za asidi ya yuriki, kwa kuwa kipimo chake cha damu kimetoka sawa. Asidi hiyo kuonekana ya kawaida ilhali kidole gumba cha mguu wake kimevimba hakukanushi jongo, kwa kuwa kiwango hicho huweza kushuka katikati ya shambulio lenyewe. Kipimo kirudiwe wiki 2 au zaidi baada ya uvimbe kutulia. Kinachokata shauri ni maji ya kiungo yakitazamwa kwa hadubini maalumu: fuwele za yuriki huwa kama sindano, ilhali zile za kalsiamu, za ugonjwa mwingine, ambazo huwapata zaidi wazee magotini na kwenye vifundo vya mikono, huwa fupi na butu. Nyama choma na bia za Nairobi huchangia, ingawa hulaumiwa kupita kiasi, maana kwa wagonjwa wengi figo ndizo zinazoshindwa kuitoa asidi hiyo. Akipata homa, apelekwe hospitali leo leo, kwani usaha kiungoni hufanana na jongo.