Kabla hujamkabidhi mtu mgongo wako

Barua nyingi za safari hii zimetoka kandokando ya ziwa, na karibu zote zinauliza jambo moja: kairopraktiki, ile tiba ya kunyoosha pingili za mgongo kwa mikono. Watu wameiona kwenye simu. Mgonjwa amelala ubavu, mtaalamu anamzungusha kiuno, unasikika mlio, mgonjwa anainuka akicheka. Mimi ni mtaalamu wa fiziotherapia hapa Mwanza. Sikusomea kairopraktiki, ila wagonjwa wa mgongo ndio kazi yangu ya kila siku, na baadhi yao hupita kwenye mikono hiyo kabla ya kufika kwangu au baadaye. Najibu nikiwa upande huo.

Shikamoo dada. Nauza dagaa Mwaloni, Kirumba. Kiuno kinaniuma tangu msimu uliopita, hasa nikiinama kugeuza dagaa juani. Kaka yangu aliyeko Dar es Salaam anataka kunilipia niende kwa kairopraktiki. Naogopa. Siku ya kwanza wanafanya nini? Unavua nguo? Inauma? (Mama wa dagaa, Kirumba)

Marahaba mdogo wangu. Umefanya vizuri kuuliza kabla ya kwenda.

Tiba hii ilianzia Marekani. Mwaka 1895, katika mji wa Davenport, jimbo la Iowa, Daniel David Palmer alimnyoosha mgongo mfanyakazi wa usafi aliyeitwa Harvey Lillard, kisha akatangaza kwamba amemrudishia usikivu. Palmer aliamini kuwa karibu kila ugonjwa chanzo chake ni pingili zilizokaa vibaya. Sayansi haikuithibitisha imani hiyo, na wengi wanaofanya kazi hii leo wanashughulika na mgongo, shingo na viungo tu. Wapo ambao bado wanaishikilia, nitawafikia chini.

Siku ya kwanza sehemu kubwa iwe mazungumzo. Mtaalamu anayejua kazi yake atakuuliza maumivu yalianzaje, yanashuka mguuni au hayashuki, usiku unalala au hulali, umewahi kuanguka, una ujauzito, unatumia dawa gani, umepungua uzito, haja ndogo na kubwa zinatoka kama kawaida. Kisha atakutazama ukitembea na kuinama, atapima nguvu ya miguu, atagusa ngozi kuona kama kuna ganzi, atagonga goti na kisigino kwa kinyundo. Baada ya hapo akueleze anafikiri tatizo ni nini, anataka kufanya nini, kuna hatari gani, na njia nyingine zipo zipi. Ukisema hapana, hapana yako iheshimiwe. Picha ya eksirei si lazima kwa kila mgongo. Anayempiga picha kila anayeingia mlangoni anakuongezea gharama na mionzi bure.

Kuhusu nguo: vaa suruali laini na fulana, au nenda na kanga yako. Mgongo unaweza kuhitaji kuonekana, lakini huna sababu ya kubaki uchi, na una haki ya kuingia na dada yako au shoga yako akae humo chumbani mpaka mwisho.

Kunyoosha kwenyewe ni msukumo mfupi wa haraka. Ule mlio unaotisha si mfupa unaorudi mahali pake. Ndani ya kiungo kuna ute wenye gesi. Kiungo kikivutwa ghafla mgandamizo hushuka na gesi hujitenga, ndipo kinalia, kama vidole unapovivuta. Kiungo kisipolia haina maana kwamba tiba imeshindwa. Baadaye unaweza kuumwaumwa na kuchoka siku moja au mbili. Yakizidi hapo, au mguu ukianza kufa ganzi, usirudi kwake, nenda hospitali.

Je, inasaidia? Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa Desemba 2023, unaohusu maumivu ya muda mrefu ya kiuno kwa watu wazima, umeiweka tiba hii miongoni mwa zinazoweza kujaribiwa, pamoja na elimu na mazoezi. Lakini wameikubali kwa masharti, kwa kuwa ushahidi si mzito. Mwongozo huohuo haupendekezi mikanda ya mgongo, ile inayouzwa mjini kana kwamba ndiyo dawa.

Kwa kazi yako, mdogo wangu, ningeanza na dagaa wenyewe. Wanaoanika kwenye chanja zilizoinuliwa hadi usawa wa kiuno hawainami kutwa nzima, na dagaa wao hawana mchanga. Gawa mzigo wa beseni mara mbili, tembea kila siku, na tafuta mtu akufundishe mazoezi ya kukaza tumbo na makalio. Hela ya kaka ikibaki baada ya kutengeneza chanja, basi kajaribu.

Naandika kwa niaba ya mdogo wangu, ana miaka 19, anavua visiwani Ukerewe. Mgongo wa chini unamuuma wiki ya tatu sasa. Miguu imekuwa mizito, anasema anakanyaga kama hagusi chini, na tangu juzi mkojo unatoka kwa shida. Tumesikia kuna mtu ananyoosha mgongo mjini. Tumpeleke kwa nani? (Kaka mtu, Nansio)

Ndugu yangu, barua hii haikusubiri gazeti. Siku ilipofika nilikupigia simu, nikakuomba umpeleke hospitali siku ileile. Naichapisha kwa ajili ya wengine, kwa sababu kuna vijana wengine visiwani na mialoni wenye mgongo kama huu.

Mgongo unaouma pamoja na miguu kuishiwa nguvu na mkojo kugoma hauguswi na mtu yeyote wa kunyoosha: awe kairopraktiki, awe mimi, awe mkandaji wa kijijini. Huo unahitaji daktari siku hiyohiyo, ikibidi usiku huohuo, na hospitali yenye uwezo wa kuchunguza uti wa mgongo, ile kamba ya fahamu inayopita ndani ya pingili. Kwa Kanda ya Ziwa hospitali kubwa ya rufaa ni Bugando. Kituo cha karibu ndicho kianze na kiandike rufaa haraka.

Vyanzo ni vingi: diski inaweza kuwa imebana mishipa ya fahamu, inaweza kuwa uvimbe au usaha. Lakini kwa mtu anayeishi ndani ya maji ya ziwa hili kuna kimoja ambacho kairopraktiki aliyesomea mbali anaweza asikifikirie kabisa, nacho ni kichocho. Minyoo ya kichocho hutoka kwa konokono, huogelea kwenye maji ya kina kifupi na hupenya kwenye ngozi ya anayevua, anayeoga au anayefua. Tumezoea kukijua kichocho cha huku kwa kuhara damu, ini na tumbo kujaa. Mara chache mayai yake huangukia kwenye uti wa mgongo, sehemu ya chini, na mwili unapopambana nayo uti huvimba. Mgonjwa huanza na maumivu ya kiuno, kisha miguu, kisha mkojo. Kuna dawa: prazikwanteli ya kuua minyoo, na dawa za kushusha uvimbe, vyote kwa mpangilio wa daktari. Uti ukikaa umevimba muda mrefu, nguvu ya miguu inaweza isirudi yote. Kila siku inayopotea kwa kukandwa na kunyooshwa ni siku ambayo kijana huyu alipaswa kuwa anatibiwa.

Kwa hiyo mkifika mwambieni daktari bila kusubiri kuulizwa: "Huyu ni mvuvi, yuko majini kila siku." Sentensi hiyo ina thamani kubwa.

Na kifua kikuu msikisahau. Wengi wanadhani kinakaa mapafuni tu. Kikiingia kwenye pingili hula mfupa polepole, mgonjwa anatoka jasho usiku, anakonda, anapata homa za jioni, na mara nyingine nundu inajitokeza mgongoni. Kikohozi kinaweza kisiwepo. Fikiria mtu mwenye pingili iliyoliwa anasukumwa kwa nguvu: mfupa unaweza kuporomoka ukakandamiza uti. Dawa za kifua kikuu hapa Tanzania hutolewa bure. Wafugaji na wanywaji wa maziwa mabichi nao waeleze hivyo wakiulizwa, maana brusela, ugonjwa unaotoka kwa mifugo, huja na homa ya kwenda na kurudi na maumivu ya kiuno.

Habari za kazi mama. Mimi naendesha bodaboda Buzuruga. Shingo imekakamaa. Ile ya kuzungushwa shingo ghafla mpaka ilie, ni salama? (Bodaboda)

Nzuri, mwanangu. Mimi nisingekubali nifanyiwe, wala simfanyii mtu. Nyuma ya shingo, ndani ya pingili, inapita mishipa miwili inayopeleka damu kwenye ubongo. Kuzungushwa kwa nguvu kumehusishwa na kuchanika kwa mishipa hiyo na kusababisha kiharusi. Hutokea mara chache sana, lakini anayepatwa anaweza kuwa kijana kama wewe, na kwa shingo iliyokaza kuna njia za taratibu zinazosaidia: joto, mazoezi, kusogezwa shingo polepole bila kushtuliwa. Mwambie mtaalamu waziwazi, "shingo yangu usiizungushe." Akikulazimisha, ondoka. Ukipata kizunguzungu, kuona vitu viwiliviwili, ulimi mzito au maumivu makali mapya ya shingo na kichwa baada ya kunyooshwa, kimbilia hospitali. Na shusha kofia yako ngumu ukiwa kijiweni. Kuivaa kutwa nzima ukiwa umeinamia simu kunaiongezea shingo mzigo.

Mwanangu ana selimundu, ana miaka 9, analalamika mgongo. Tumnyooshe? (Mama, Igoma)

Hapana, mama. Mtoto wa selimundu akiumwa mgongo inaweza kuwa damu imekwama kwenye mfupa, au mfupa umepata maambukizi. Maji ya kutosha, dawa yake ya maumivu, na kliniki yake leo, hasa kama ana homa.

Nimeenda mara moja. Nimeambiwa mguu mmoja mfupi, mgongo umepinda, na nilipie vipindi 24 kwa mpigo nipate punguzo. Ameniahidi hata presha itashuka, dawa nitaacha. Nimfuate? (Mfanyakazi wa ofisini, Nyegezi)

Dawa ya presha usiiache. Ningeweza kuishia hapo, maana hilo ndilo linaloweza kukuua.

Huyu ndiye niliyesema nitamfikia. Hakuna ushahidi wa kutegemewa kwamba kunyoosha pingili kunatibu presha, vidonda vya tumbo, kisukari au ugumba. Watu wengi sana wana mguu mmoja uliopungua kidogo na hawajawahi kuumwa mgongo maisha yao yote. Na vipindi 24 vinauzwaje kabla hajajua kama cha kwanza na cha pili vimekusaidia? Mtaalamu mwaminifu hukupa vipindi vichache, anapima tena, na pasipokuwa na mabadiliko ndani ya wiki chache anakwambia tuache, tutafute kingine. Anakufundisha mazoezi ya kufanya nyumbani ili usimhitaji. Nimeona watu wakiuza mbuzi kulipia vifurushi hivi, na inanichoma, kwa sababu fedha hiyo ingelipia bima au vipimo.

Muulize amesomea wapi. Kairopraktiki ni masomo ya miaka: mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2005 ulitaja miaka minne ya kusoma muda wote, saa zisizopungua 4,200, na humo saa 1,000 za kuwahudumia wagonjwa chini ya usimamizi. Kwa Afrika, Chuo Kikuu cha Johannesburg na Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Durban wanafundisha. Aliyesoma semina ya mwisho wa wiki si kairopraktiki, hata akivaa koti jeupe. Omba kuona leseni yake ya kufanya kazi Tanzania, usome jina na tarehe ya mwisho. Tiba mbadala nchini ina baraza lake, Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, lililoundwa kwa sheria ya 2002. Ukiwa na shaka, uliza huko au kwa mganga mkuu wa wilaya yako.

Nina miaka 71, natumia dawa ya kufanya damu iwe nyepesi. Mjukuu anataka nikanyooshwe kiuno. (Mzee, Misungwi)

Shikamoo babu. Kwa umri huo mifupa hupungua uimara, na dawa hiyo inafanya hata jeraha dogo la ndani livuje damu. Usikubali msukumo wa ghafla. Mwambie mjukuu akupeleke kwanza kwa daktari aliyekuandikia dawa, mbebe na makopo yote ya dawa unazotumia, hata zile za mitishamba. Daktari akikuruhusu, njoo tufanye mazoezi mepesi ukiwa umekaa kwenye kiti. Hayo hayahitaji mtu kukubonyeza.