Maswali ya wasomaji: Polisi aliyekataa mgao

SWALI: Mambo vipi mhariri, washkaji wamenisifia Serpico, ile muvi ya zamani ya Al Pacino, nikaitafuta nikaiangalia mpaka mwisho. Sasa mbona staringi muda wote yuko kwenye ofisi za mabosi analalamika tu, mapigano yenyewe ya kuhesabu? Na hivi ilitokea kweli au wamekuza? Halafu si angepokea tu ile hela ya rushwa wanayogawana wenzake akanyamaza, maisha yaendelee?

JIBU: Ilitokea bwana. Frank Serpico ni mtu kweli, alikuwa polisi New York, na muvi ilitoka 1973 stori ikiwa bado ya moto kabisa. Februari 1971 alipigwa risasi usoni huko Brooklyn kwenye msako wa madawa, Desemba mwaka huohuo akasimama mbele ya Tume ya Knapp, iliyokuwa inachunguza rushwa ya polisi New York, kutoa ushahidi jinsi askari kanzu walivyokuwa wanakusanya rushwa kila mwezi kutoka kwa wachezesha kamari.

Hizo ofisi unazozilalamikia ndiyo muvi yenyewe. Jamaa anapeleka taarifa kwa bosi huyu, anaambiwa tulia, anaenda kwa yule, anaahidiwa, mpaka watu wa meya nao wanapiga chenga, na hali haikubadilika mpaka gazeti la New York Times lilipoianika rushwa hiyo Aprili 1970, hapo ndipo meya John Lindsay akaunda hiyo tume. Sidney Lumet, dairekta, angeweza kutujazia milipuko humo, akaamua tuchoke pamoja na jamaa, na mimi naona alipatia.

Rudia ile sini ya mgahawani mwanzoni, ni fupi ukipepesa inakupita. Serpico ni askari mpya, anataka kuchagua chakula anachopenda, mwenzake anamwambia kula unachopewa maana ni bure, mwenye mgahawa ni mtu wetu, magari yake ya mizigo yakisimama vibaya barabarani sisi hatuyaoni. Ni hivyo tu, hakuna bahasha wala mtu kutishwa, na wote wana furaha! Tume ilipotoa ripoti 1972 iliwagawa polisi wala rushwa mafungu mawili, wala nyama wanaowinda hela kwa nguvu, na wala nyasi wanaopokea kinachojileta, ikasema shida kubwa ni hao wala nyasi kwa sababu ni wengi mno hadi kula kunaonekana ni kawaida.

Sasa kuhusu kupokea na kunyamaza, fikiria upande wa wenzake. Kila mtu kwenye kikosi ana fungu lake, kwa hiyo kila mtu ana sababu ya kufunga mdomo. Asiyekula hana cha kumfunga, hata akikaa kimya mwaka mzima bado wanamwogopa. Ndiyo maana wanambembeleza kwanza, vitisho vinakuja baadaye.

(Kingine, angalia ndevu na nywele zinavyozidi kurefuka, walirekodi kwa kurudi nyuma, za mwisho kwanza, ili Pacino awe anazipunguza tu.)

Ukiimaliza tena tafuta Prince of the City ya 1981, dairekta huyohuyo. Mule polisi mwenyewe alishakula, ndipo anageuka shahidi, na wanaoumia ni washkaji aliokuwa anakula nao. Ina karibu saa tatu, ianze mapema.