Marudio ya sehemu kwa mashindano ya makundi: kwa nini wanaojibu ni wale wale?

SWALI: Assalaam alaykum, mwalimu. Nasomesha hisabati Darasa la Tano katika skuli moja ya Wete, nina wanafunzi 54. Kila nikirudia sehemu kwa mashindano ya makundi, wanaojibu ni wale wale wawili watatu, na mchezo ukimalizika wengi bado huandika 1/2 + 1/4 = 2/6. Nirekebishe nini?

JIBU: Waalaykum salaam, mwalimu mwenzangu. Kosa halimo katika mchezo, limo katika kile unachokitolea alama. Maadamu alama huenda kwa aliyewahi kunyanyua mkono, mwanafunzi mzito hana haja ya kufikiri, kwani jibu huwa limeshatoka kabla hajamaliza kulisoma swali.

Wagawe makundi 9 ya watoto 6, na kila mtoto katika kundi umpe namba, 1 hadi 6. Swali likishaandikwa ubaoni, wape dakika 2 wajadiliane na waandike jibu kwa chaki juu ya kipande cha boksi, kisha makundi yote yanyanyue kwa pamoja. Hapo ndipo urushe dadu: ikitoka 4, namba 4 wa kundi utakaloliteua ndiye atakayeeleza. Jibu sahihi lipate alama 1, na maelezo yenye mchoro yapate 2. Kwa kuwa hakuna ajuaye dadu itamwangukia nani, wale wepesi hulazimika kuwaelewesha wenzao.

Ama hiyo 2/6, usianze kwa kanuni, anza kwa pishi, kile kipimo cha zamani cha nafaka. Pishi moja ni visaga 2 au vibaba 4, kwa hiyo kisaga ni 1/2 na kibaba ni 1/4. (Watoto wa leo wamezowea kilo, basi tafuta kopo dogo linalojaza kopo kubwa mara nne, upimie mchanga, ambao haununuliwi.) Kabla hawajakokotoa, yaulize makundi: kisaga cha mchele kikiongezwa kibaba, kitazidi au kitapungua? Watasema kitazidi. Sasa waachie wenyewe wagundue kwamba 2/6 ni sawa na 1/3, nayo haifiki hata hicho kisaga walichoanza nacho. Wakihesabu kwa vibaba watapata 2 na 1, yaani 3/4.

Baada ya hapo nenda kwenye 1/2 + 1/3, ambapo vibaba 4 havigawanyiki mafungu matatu bila ya kuvunja kimoja. Mpe kila kundi ukanda wa karatasi wenye vyumba 6: nusu ni vyumba 3, theluthi ni vyumba 2, jumla 5/6. Hapo Kigawe Kidogo cha Shirika cha 2 na 3, yaani 6, namba ndogo kabisa inayogawanyika kwa zote mbili, kinapata maana mbele ya macho yao, na wanaona kwamba asili (namba ya chini) hutaja ukubwa wa chumba, kiasi (namba ya juu) hutaja idadi ya vyumba, na kinachojumlishwa ni idadi.

Anayekosea usimpunguzie alama. Lipe kundi jengine nafasi ya kuonesha kosa lilipoingilia, kwa alama 2. Maswali 5 kwa kipindi yanatosha.