Muulize Shangazi: Naenda Nagai, nitakaa ndani kama mwali?

SWALI: Shikamoo Shangazi. Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Moshi. Miaka ya nyuma tulikuwa na mwalimu Mjapani wa kujitolea, alifundisha hisabati, tukakaa naye nyumba moja ya walimu. Sasa amenialika kwao Nagai, mkoa wa Yamagata, siku sita mwezi wa kumi. Tiketi ninayo, viza imetoka. Shida ni kwamba mchana yeye atakuwa kazini, na mimi Kijapani sijui hata neno moja. Nasikia mji wenyewe ni mdogo na wageni kama sisi hawaonekani. Nitashinda ndani kama mwali? Na zawadi nibebe nini?
Msomaji, Moshi

JIBU: Marahaba mwanangu. Umeniuliza mji ninaoujua. Nilifika Nagai mwezi huohuo wa kumi, nikiwa nimeshastaafu uuguzi, kwa mwaliko wa muuguzi mwenzangu aliyewahi kujitolea kwetu Tanga. Nilikaa siku tisa. Wewe ukikaa ndani kama mwali, utakuwa umejitia mwenyewe.

Ni mji wa watu 25,000 hivi, mto Mogami unapita, milima imeuzunguka. Kutoka Tokyo unapanda treni ya mwendokasi mpaka Akayu, mwendo wa saa mbili na nusu, kisha unahamia treni ndogo ya Flower Nagai Line. Weka sarafu mfukoni. Kwenye vituo visivyo na mtu, unachukua kikaratasi chenye namba mlangoni, na ukishuka unatumbukiza nauli kwenye kisanduku kilicho kando ya dereva. Mimi nilisimama pale nikihesabu sarafu moja moja, treni nzima inaningoja, na hakuna aliyenung'unika. Kwetu konda angeshaniimbia.

Watakutazama, ndiyo, halafu wataangalia chini. Siku mbili za kwanza nilidhani wamenuna. Kumbe ni kuona haya tu: mtu anaogopa utamsemesha Kiingereza, ashindwe kujibu mbele ya wenzake. Kwa hiyo usingoje kusemeshwa. Inamisha kichwa kidogo, sema "konnichiwa", pita zako. Kushukuru, sema "oshoshina", ndiyo asante ya upande ule wa Yamagata. Hiyo ukiitamka watu wazima wanacheka mpaka wanashika mdomo.

Siku ya tatu nilimkuta bibi mmoja anapalilia figili zake, zile nyeupe nene kama mkono wa mtu. Alikuwa rika la mama yangu, na "konnichiwa" niliiona nyepesi mno kwake. Nikamwambia shikamoo. Mwenyeji wangu alikuwepo, akamweleza maana yake na jinsi inavyoitikiwa. Kesho yake, niko mbali hata mdomo sijafungua, nasikia kutoka kwenye matuta: "Marahabaa!" Tukaendelea hivyo kila asubuhi, jibu linatangulia salamu.

Halafu mwezi wa kumi ni wakati wa imoni. Watu wanakusanyika kando ya mto, wanapanga mawe kama mafiga, wanateleka sufuria kubwa. Ndani yake kuna magimbi, mwanangu, magimbi haya haya, ila yao ni madogo ya mviringo. Yanapikwa na nyama ya ng'ombe, vitunguu vya majani na sosi ya soya. Jirani zao wa Miyagi hutia nguruwe na miso, ile rojo ya soya iliyochachushwa. Usiwasifie hao ukiwa Yamagata. Mchuzi huo mara nyingi hutiwa na pombe ya mchele, kwa hiyo kama hunywi, mwambie mwenyeji wako mapema kabla sufuria haijatelekwa.

Mimi siwezi kukaa wenzangu wanamenya. Nikachukua kisu, nikamenya, na baada ya dakika kumi mikono ikaanza kuwasha vilevile kama Tanga. Mama aliyekaa kando yangu akaniona najikuna, akaniambia "kayui", akanionyesha vidole vyake vyekundu, kisha akanisukumia bakuli la chumvi nijisugue. Hilo ndilo neno la Kijapani ambalo sikuhitaji kutafsiriwa.

Pale pale mzee mmoja alisikia natoka Tanzania. Akaruka: "Ikangaa!" Wazee wa kule wanamkumbuka Juma Ikangaa, mkimbiaji wetu wa marathoni, kuliko vijana wetu wanavyomkumbuka. Alikuwa na marathoni ya Fukuoka ya 1983 kichwani, ile ambayo Mjapani Toshihiko Seko alimngoja mpaka mzunguko wa mwisho uwanjani, akampita kwa sekunde tatu. Mzee akaanza kuizunguka sufuria, mara yeye ni Ikangaa, kifua mbele, mara yeye ni Seko, amenyata nyuma kama kivuli. Aliirudia mara tatu, na zote Seko akashinda. Nikamwandikia mchangani: Tokyo 1984, Tokyo 1986, Ikangaa wa kwanza. Akakuna kichwa, akanijazia bakuli.

Wewe una silaha nzuri kuliko yangu. Alphonce Simbu alichukua dhahabu ya marathoni ya dunia hukohuko Tokyo, Septemba 2025. Weka picha yake kwenye simu. Na Nagai ndio uliokuwa mji mwenyeji wa Tanzania kwa Olimpiki ya Tokyo 2020, kwa hiyo hutaanza kwa kuwaonyesha nchi yetu iko wapi.

Zawadi? Unatoka Moshi halafu unaniuliza! Beba kahawa. Kule kahawa ya Tanzania huuzwa kwa jina la Kilimanjaro, na wewe umeamka unautazama mlima wenyewe. Gawa kwenye vifurushi vidogo vidogo, maana utakutana na majirani usiowatarajia. Toa kwa mikono miwili, na usimbane mtu aifungue mbele yako, ataifungua ukishaondoka. Nyama na matunda mabichi acha nyumbani, uwanja wa ndege watakunyang'anya.

Sweta usiache, usiku kuna baridi. Na vaa viatu vya kutumbukiza mguu tu. Mimi nilikwenda na vya kamba ndefu, nikawa navua na kufunga kila mlango, na familia nzima imesimama kunisindikiza, wanangoja nimalize.

Shangazi