Kupona, kunusurika au kuendelea kuishi?

Swali: Nimekutana na maneno haya kwenye makala ya afya, "vinasaba vinavyotabiri kupona kwa wagonjwa wa saratani ya damu". Hapo "kupona" ni sahihi au iwe "kunusurika"?

Jibu: Mimi ningeyatoa yote mawili niweke "kuendelea kuishi". Kupona kwa maana ya kusalimika ipo, ndo maana tunasema fulani kaponea chupuchupu, lakini ukishalipeleka kwa mgonjwa kila msomaji ataelewa ugonjwa umeisha, na madaktari hapo hawapimi hilo, wanaangalia wangapi bado wako hai baada ya muda fulani, mara nyingi miaka 5, wawe bado wanaumwa au la. Kuna watu wana lukemia sugu ya limfositi, aina ya saratani ya damu inayokwenda polepole, na wanaishi nayo miaka mingi tu, hawajapona lakini wapo. Kunusurika nako kunaleta picha ya hatari iliyopita mara moja ikaisha, saratani haiko hivo.

Ila linaloniuma zaidi ni "kutabiri". Mtu akiambiwa jeni zake zimetabiri anaona kashahukumiwa, wakati kiashiria cha jeni kinasema habari za kundi la wagonjwa, sio za mmoja. Kwenye lukemia hiyohiyo ya limfositi, kikikosekana kipande cha kromosomu (uzi unaobeba jeni ndani ya seli) ya 17 chenye TP53, jeni inayosaidia kuzuia saratani, basi kemo ya kawaida, yaani tiba ya dawa za kuua seli za saratani, haifanyi kazi vizuri, ila kikikosekana cha kromosomu ya 13 peke yake hali huwa nafuu zaidi. Na dawa mpya zinageuza hesabu yote: wenye lukemia sugu ya mieloidi, aina nyingine ya saratani ya damu, ile ya kromosomu isiyo ya kawaida iitwayo Philadelphia iliyogunduliwa 1960, wengi walikuwa wanaishi miaka michache tu, ikaja dawa ya imatinibu ikaidhinishwa Marekani 2001 na leo wengi wao wanakaribia umri wa watu wasioumwa. Kwa hiyo andika "kukadiria".

Halafu "vinasaba", ndani yake kuna nasaba, yaani ukoo, mzazi akisoma anaanza kuwahofia watoto. Mabadiliko mengi ya jeni kwenye saratani za damu hayarithiwi, yanatokea baadaye kwenye seli za damu au za uboho (ute wa ndani ya mifupa) wa mtu mwenyewe. Hapa "jeni" ni salama zaidi.

Mimi ningeandika: "viashiria vya jeni vinavyosaidia kukadiria uwezekano wa wagonjwa wa saratani ya damu kuendelea kuishi". Ni ndefu kweli, ila usiikate.