Zamu ziwe za watu, si za mama

*Shangazi, shikamoo. Nina miaka 43, naishi Uyole, Mbeya, nauza viazi. Mume wangu ni dereva wa lori, anakwenda Tunduma na Dar, kwa mwezi namwona siku chache. Mama yangu mzazi ana miaka 76 na ana presha. Nilimtoa Tukuyu mwaka juzi baada ya kuacha sufuria jikoni ikaungua hadi moshi ukajaa nyumba. Mwanzoni alikuwa anasahau tu. Sasa kila jioni anafunga nguo zake kwenye kanga, anasema anarudi kwa mama yake, na bibi alishafariki zamani. Usiku anaamka mara nne, tano. Ananiita mwizi wa hela zake. Zahanati waliniambia ni uzee. Kaka yuko Dar, mdogo wangu yuko Makambako. Wakipiga simu mama anaongea nao vizuri kabisa, wanasema nazidisha. Wameleta wazo azungushwe, miezi miwili kwa kila mmoja. Mdogo wangu anasema pia nimpe piritoni au Valium alale. Wiki iliyopita alikataa kuoga, nikampiga kofi mkononi. Moyo hautulii tangu siku hiyo. Na jirani ameanza maneno, maana mama alikutwa mlangoni kwake saa 9 usiku. Nifanyeje? — Mlezi, Uyole*

Marahaba mwanangu, na pole.

Nianze na kofi, kwa kuwa ndilo linalokuamsha hata mama akiwa amelala. Lilikuwa kosa, unalijua, wala sitakuambia si kitu. Lakini halina maana kwamba humpendi. Mtu anayekatizwa usingizi mara nne kila usiku huishiwa subira kabla hajaishiwa nguvu. Kujiapiza hakutakusaidia, jiwekee utaratibu. Siku ukihisi mkono unapanda, acha ulichokuwa unafanya, mfunike, mkalishe mahali asipoweza kuanguka, epua kilicho jikoni, toka hadi nje ya mlango. Vuta pumzi ukihesabu hadi nne, itoe taratibu ukihesabu hadi sita, mara kumi. Haifiki dakika mbili. Ukirudi usiendeleze ubishi pale ulipoishia. Na mwambie mtu mmoja unayemwamini yaliyotokea. Likijirudia, usibaki naye peke yako wiki hiyo. Mdogo wako apande basi la asubuhi.

Sasa yale mawazo mawili ya ndugu zako. Kataa yote mawili.

La kumzungusha lina sura ya haki, ndiyo maana linavutia. Lakini unayoyaeleza yanafanana na dimenshia, ugonjwa wa ubongo unaokula kumbukumbu na akili, na mgonjwa wake hafiki chooni kwa kukumbuka njia. Anafika kwa mazoea ya muda mrefu. Vivyo hivyo mlango ulipo, kikombe kilipo, upande wa kitanda anaoshukia. Ukimhamisha, mazoea hayo yanakatika, na uwezo wa kujenga mapya ndio hasa alioupoteza. Atajisaidia kwenye kona kwa sababu choo hakioni. Atatoka usiku kutafuta nyumba iliyo mkoa mwingine, na huko Dar hakuna anayejua ni mama wa nani. Kila baada ya miezi miwili mnaanza upya, yeye akiwa chini kidogo ya mlipoachia. Zamu ziwepo, lakini mama abaki Uyole, ninyi ndio mzunguke.

Piritoni watu huiona dawa ndogo kwa sababu hata watoto hupewa kwa mafua. Kwa mama yako si ndogo. Inazuia kazi ya kemikali ya ubongo inayosaidia kumbukumbu, ambayo kwa mwenye Alzheimer, ugonjwa unaowaletea wengi dimenshia, tayari imepungua. Atasinzia, halafu ataamka amechanganyikiwa zaidi, mdomo umekauka, choo kimefunga, mkojo unagoma kutoka. Valium hukaa siku nyingi katika mwili wa mzee, na mzee mwenye Valium mwilini anayeshuka kitandani gizani huweza kuanguka akavunjika nyonga. Na usije ukashawishiwa kununua haloperidol, dawa ya wagonjwa wa akili, dukani: dawa za aina hiyo huongeza hatari ya kiharusi na kifo kwa wazee wenye dimenshia. Yapo mazingira ambayo daktari huitumia, kwa dozi ndogo na muda mfupi, akimfuatilia mgonjwa. Uamuzi huo si wa muuza duka.

Kuhusu "ni uzee": uzee peke yake haumfanyi mtu amtafute mama yake aliyefariki. Chanzo kinachoongoza cha dimenshia ni ugonjwa wa Alzheimer, na kwa mtu mwenye presha kama mama, mishipa ya damu ya ubongo nayo hushukiwa. Hakuna dawa ya kuuponya, lakini yapo mambo yanayofanana nao au yanayouzidisha, na hayo yanatibika. Kwa hiyo chukua rufaa, nenda naye Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Mbeya, uombe apimwe presha, sukari, wingi wa damu, tezi ya shingo, vitamini B12, VVU, kaswende na mkojo. Waangalie masikio, maana nta peke yake inaweza kumfanya aonekane haelewi, na macho kama yana mtoto wa jicho. Kama alianguka akagonga kichwa miezi ya karibuni, sema hata usipoulizwa. Damu huweza kuvuja polepole chini ya fuvu. Kwa umri wake, kama hana uwezo, anastahili msamaha wa matibabu katika vituo vya serikali. Utambulisho wake unaanzia ofisi ya mtaa na kwa afisa ustawi wa jamii, kwa hiyo shughulikia hilo kabla ya siku ya safari, na ukifika uliza dirisha la wazee.

Weka pia hili akilini: dimenshia hushuka kwa miezi na miaka. Akibadilika ghafla ndani ya siku moja au mbili, akasinzia mchana kutwa, akaona watu wasiokuwepo, usiseme ugonjwa umepanda. Hapo tafuta maambukizi ya mkojo au mapafu, choo kilichofunga siku kadhaa, upungufu wa maji au dawa mpya. Mzee anaweza kuwa na maambukizi bila homa yoyote. Huyo hapelekwi wiki ijayo, anapelekwa siku hiyo.

Daktari atakuuliza maswali ambayo kwa uchovu ulionao utayajibu ovyo. Nunua daftari la kurasa 40, uandike siku saba. Kila tukio: saa, nini kilitokea kabla, alifanya nini, wewe ulifanya nini, kikaisha vipi. Mistari miwili inatosha. Usiku piga alama tu kila anapokuamsha. Daftari hili lina kazi tatu: ya kwanza ni kwa daktari, ya pili kwa kaka yako, ya tatu ni kwako wewe, kwa sababu siku ya tano utaanza kuona mpangilio. Mara nyingi vurugu ya jioni hutanguliwa na kitu kimoja au viwili: watoto wamerudi kutoka shule na kelele zao, redio iko juu, moshi wa jikoni, njaa, mkojo, au giza linaloingia na kutupa vivuli ukutani.

Jioni ndiyo saa mbaya ya wagonjwa hawa. Washa taa saa 11 na nusu, kabla giza halijaingia. Mpe chakula mapema. Akianza kufunga nguo, usimwambie bibi alikufa. Kwake hiyo ni habari mpya ya msiba, na kesho utamfiwisha tena. Usibishane pia kwamba hapa ndipo kwake. Anachotafuta ni utulivu, nyumba ni jina tu analoupa utulivu huo. Mwambie, "Unamkumbuka bibi. Alikuwa anapika nini mvua ikinyesha?" Mwache aeleze. Kama Kinyakyusa ndiyo lugha yake ya utotoni, ongea naye hicho; lugha iliyotangulia ndiyo hudumu. Asipotulia, vaeni masweta, tokeni pamoja, zungukeni nyumba mara moja, rudini ndani. Halafu mpe kazi ya mikono: nusu kilo ya maharage achambue, kanga akunje. Akimaliza, zikunjue mbali na macho yake, kesho azikunje tena.

Usiku tuutengeneze kuanzia mchana. Asubuhi akae juani angalau nusu saa. Usingizi wa mchana usizidi nusu saa, na uishe kabla ya saa 9. Maji ayanywe, vikombe sita kwa siku, ila vingi viwe vimeisha saa 10 alasiri. Chai ya rangi ya jioni iondoe kabisa, inamtoa usingizini na kumjaza mkojo. Mpeleke chooni mara ya mwisho akiwa tayari kwa kulala, na kama choo chenu kiko nje, weka ndoo yenye kifuniko au poti karibu na kitanda pamoja na taa ndogo inayowaka usiku kucha. Baridi ya Mbeya ya mwezi wa 6 na wa 7 huamsha wazee: blanketi mbili, soksi zisizoteleza, kofia. Jiko la mkaa lisilale chumbani, hata likionekana limefifia. Gesi yake haina harufu, inaua, na kabla ya kuua huchanganya akili.

Mlangoni weka komeo la pili juu kabisa au chini karibu na sakafu, mahali macho yake hayaendi, na ning'iniza kopo lenye kokoto likuamshe. Usimfungie ndani peke yake kamwe. Moto ukitokea hatoki. Ndani ya nguo zake shonea kipande cha kitambaa chenye namba yako ya simu.

Huyo jirani usimnyamazie. Bibi anayetembea saa 9 usiku akiongea peke yake, hapa kwetu kuna watu wana jina la kumpa, na nchi hii wazee wameuawa kwa jina hilo. Ukipata cheti cha hospitali, nenda kwa balozi wa nyumba kumi, kwa mwenyekiti wa mtaa na kwa mchungaji. Waeleze kwamba ni ugonjwa wa ubongo, una jina, una faili. Mwombe mchungaji aseme kanisani, wewe ukiwepo. Kisha nenda kwa jirani mwenyewe, na kwa vijana wa bodaboda wa kituo cha karibu, uwape namba: wakimwona, wamsalimie, wamshike mkono, wapige simu. Mtu aliyepewa kazi ya kumlinda hupungukiwa na la kumsingizia.

La hela si lako, ni la ugonjwa. Anaficha, anasahau, na kwake jibu pekee linaloingia akilini ni kwamba ameibiwa. Usijitetee. Sema, "Tutafute wote." Mpe kipochi chenye noti mbili za elfu moja na sarafu, ununue na kingine kinachofanana nacho ukifiche. Jifunze maficho yake. Mara nyingi ni yale yale: chini ya godoro, ndani ya mto, kwenye debe la unga. Lakini dawa zake za presha zifungie wewe, anaweza kuzimeza mara mbili.

Kuoga kila siku si lazima. Mara mbili au tatu kwa wiki zinatosha. Siku nyingine mfute kwa kitambaa uso, makwapa na sehemu za siri. Anakataa kwa sababu ya baridi, kwa woga wa maji kichwani, na kwa aibu, maana kuvuliwa nguo na mwanawe ni jambo zito. Chagua saa 7 mchana jua likiwa kali. Maji, sabuni na nguo viwe tayari kabla hujamwita. Pima joto la maji kwa kiwiko. Mfunike kanga mabegani, umwoshe chini yake. Anza na miguu, mikono, mgongo. Kichwa mwisho, au siku nyingine. Mpe kitambaa naye ajisugue. Sema jambo moja kwa wakati: "Inua mkono." Ngoja. Kisha lingine.

Sasa ndugu zako. Simu ya dakika tano mama anaimudu, kwa sababu salamu ziko kinywani tangu utoto na hazihitaji kumbukumbu. Hawakudanganyi wakisema yuko sawa. Hicho ndicho wanachokisikia. Usiwabishie. Piga picha kurasa za daftari, uwatumie, kisha itisha kikao cha simu. Usiseme "nisaidieni," maana neno hilo halina tarehe. Omba hivi: kaka alipe msaidizi wa kutwa, siku tano, saa 2 asubuhi hadi saa 10 alasiri, na hela iingie kabla ya tarehe moja kila mwezi. Mdogo wako aje Ijumaa jioni hadi Jumapili mchana, kila wiki ya pili, nauli atoe kaka. Na kaka mwenyewe, likizo yake, akae na mama wiki moja wewe ukiwa haupo. Siku tatu zitamfundisha kuliko barua zako zote. Anayekuja haji kama mgeni wa kupikiwa: analala chumba cha mama, anaamka yeye.

Wewe nawe kapime presha siku mtakayokwenda hospitali. Ukiona umepata nafasi ya kulala na usingizi haufiki kwa wiki mbili, unalia kila siku, au limekujia wazo la kujidhuru au kumdhuru mama, nenda kitengo cha afya ya akili siku hiyo hiyo.

Mdogo wako akifika zamu ya kwanza, mwonyeshe poti, funguo za dawa na daftari, kisha nenda ukalale kwa rafiki. Ukibaki chumba cha pili, utaamka kila mama akikohoa, na hiyo haitakuwa zamu ya mtu mwingine.