Kabla ya kuuliza nani mkubwa kikobani, uliza funguo ziko kwa nani

Wapo wanaoamini kwamba usipomkalia mwenzako kichwani, yeye atakukalia. Kwenye pesa ushahidi wao ni mwingi: anayekopa mikopo ya kausha damu, ile ya riba ya kunyonya, anaishi kwa kumkimbia mdai, na mdai anaishi kwa kujua hivyo. Lakini kila wiki, chini ya miembe na kwenye vibaraza vya nyumba, watu ishirini hivi wa kikoba, yaani kikundi cha kuweka na kukopa, wanakutana na kuweka akiba, kukopeshana na kudaiana bila yeyote kuwa bwana wa mwenzake. Si kwa sababu wao ni wema kuliko sisi. Ni kwa sababu ya namna walivyogawana kazi, na kikundi kinachopuuza mgawanyo huo hupata bwana wake kabla mwaka haujaisha.

Mfumo wa sanduku la akiba ulianza Niger mwaka 1991 chini ya shirika la misaada la kimataifa la CARE. Sanduku lina kufuli tatu. Funguo zinashikwa na watu watatu ambao si viongozi, na sanduku lenyewe linalala kwa mtu wa nne. Hapo mtunza sanduku ana pesa asizoweza kuzifikia, na wenye funguo wana uwezo wa kufungua kitu wasichokuwa nacho. Mwenyekiti hana hiki wala kile, ana kazi ya kuendesha kikao tu. Katibu anaandika, wahesabu fedha wawili wanahesabu, na anayeandika hahesabu.

Kikao chenyewe ukikitazama kwa karibu utaona hila yake. Kabla sanduku halijafunguliwa, wanachama wanaulizwa: mara ya mwisho tulifunga na shilingi ngapi? Jibu halitoki kwenye daftari, linatoka vinywani, kwa sababu kila kikao kinaisha kwa watu kutajiwa salio na kulikariri. Kisha kufuli zinafunguliwa, pesa zinamwagwa kwenye beseni na kuhesabiwa kwa sauti. Mama asiyejua kusoma anaweza kumbana katibu msomi, maana anayo namba kichwani. Hisa zinagongwa muhuri kwenye kitabu cha mwanachama, na nafasi zilizobaki tupu zinapigwa mstari papo hapo. Mstari huo una maana: bila huo, mtu anaweza kujiongezea muhuri baadaye, na siku ya mgao, mzunguko ukiisha na kila mtu akipewa chake, akachukua jasho la wenzake.

Ukomo wa hisa ndio unaobishaniwa sana. Kwa kawaida mtu ananunua hisa moja hadi tano kwa kikao, basi. Wenye uwezo hulalamika kwamba wanabanwa, na mimi nasema waendelee kubanwa. Chukua kikundi cha watu 20, hisa ni shilingi 2,000, vikao 40. Ikiwa kwa wastani kila mtu amenunua hisa tatu kila kikao, zitakuwa hisa 2,400, yaani shilingi 4,800,000. Riba na faini zikiingiza 720,000, siku ya mgao kila hisa inakuwa na thamani ya 2,300. Aliyenunua tano kila mara anaondoka na 460,000, na wa hisa mojamoja anaondoka na 92,000. Mwenye nacho hakudhulumiwa hata senti. Ila kwenye kura wote wawili wana sauti moja. Ukiondoa ukomo, mtu mmoja atakuwa na nusu ya pesa zote, na siku akitishia kujitoa, kikao kizima kitasema ndiyo kwa kila alitakalo.

Mambo huharibika kwa njia zilezile. Funguo zote zinaachwa kwa mtunza sanduku "ili tusisumbuane". Mwenyekiti, katibu na mshika ufunguo wanatoka nyumba moja. Pesa zinawekwa kwenye laini ya simu ya mtu mmoja, naye ndiye mwenye namba ya siri. Kama lazima mtumie simu, tafuteni huduma ya vikundi inayodai watu zaidi ya mmoja wathibitishe kabla pesa haijatoka. Na lililo baya kuliko yote ni mkopo unaotolewa nje ya kikao. Mwenyekiti anamsaidia mwanachama usiku, kwa huruma kabisa, lakini tangu siku hiyo yule mtu hawezi tena kumpinga. Pesa isiondoke bila macho ya wote, hata kwa msiba. Dharura ina mfuko wake wa jamii, na kiwango chake kiandikwe kwenye katiba ya kikundi.

Kuhusu deni, katiba iseme mapema: mkopo usizidi mara tatu ya akiba ya mtu, akichelewa anaitwa kikaoni, akishindwa kabisa hisa zake ndizo zinazokatwa kwanza. Msipoandika haya, wenye hasira watakwenda kukomba vyombo vyake, na wiki hiyo mtakuwa kausha damu wengine.

Uchaguzi ufanyike kila mzunguko mpya, kwa siri. Kila mgombea anawekewa mfuko wa rangi yake, mpiga kura anadumbukiza kokoto akiwa peke yake. Kunyoosha mikono mbele ya mtu unayemdai au anayekudai si kura.

Mwenyekiti bado anahitaji ukali, faini ya kuchelewa haijikusanyi. Ukali wake uishe kikao kikiisha, na kwenye hoja nzito aongee wa mwisho, maana akianza yeye wengi watamfuata kwa heshima tu.

Tanzania, Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 imeviweka vikundi hivi daraja la nne, na usajili unapitia halmashauri. Sajilini.

Na kama tayari uko kwenye kikundi chenye bwana, usimvamie katikati ya mzunguko. Pesa zako ziko mikononi mwake. Omba tu salio litajwe kila kikao, jambo ambalo ni vigumu kulikataa hadharani. Suala la funguo lilete siku ya mgao, kabla ya kuanza upya, pesa za kila mtu zikiwa tayari mfukoni mwake. Wakikataa, chukua chako na usinunue hisa ya kwanza ya mzunguko mpya.